Urithi Usiopelekwa Mahakamani

Watoto watatu wa Emily Ruete walikulia Ujerumani wakijua mambo mawili tu kuhusu asili ya mama yao: kwamba ni Mwarabu na kwamba kwao ni Zanzibar. Mengine hawakuwa wamesimuliwa. Mama huyo alizaliwa mwaka 1844 akiitwa Sayyida Salme, binti wa Seyyid Said aliyetawala Oman na Zanzibar. Mwaka 1867 aliolewa Aden na mfanyabiashara wa Kijerumani, Heinrich Ruete, wakaenda kuishi Hamburg. Mwaka 1870 mume alifariki kwa ajali ya tramu, naye akabaki na watoto wadogo katika nchi ambayo hakuwa na shangazi wala mama mdogo wa kumsaidia kulea. Baada ya miaka ya kuhangaika, mwili na roho vimechoka, akaona huenda asiishi mpaka wanawe wawe watu wazima. Ndipo akashika kalamu.

Hakuandika ili auze kitabu. Aliwaandikia wanawe, na baadaye rafiki zake ndio waliomshawishi achapishe. Kumbukumbu hizo zilitoka mwaka 1886. Wanahistoria huzisoma kwa ajili ya habari za jumba la Mtoni na fitina za ukoo wake wa kifalme wa Busaidi, lakini uhai wa kitabu uko katika mambo madogo ambayo mama alidhani wanawe wangetaka kuyajua. Anaeleza, kwa mfano, kwamba wasichana wa jumbani walifundishwa kusoma Kurani lakini si kuandika. Yeye akaona hapana. Akachukua mfupa wa bega la ngamia, ambao siku hizo ulitumika kama kibao cha kuandikia, akaweka msahafu mbele yake, akawa ananakili herufi moja moja kwa siri mpaka mkono ukazoea. Mtoto anayesoma habari hiyo haambiwi awe na bidii. Anamwona mama yake akiwa binti mdogo, mfupa mkononi.

Wazazi wengi wa leo wako katika hali ya Salme bila hata kuhama mtaa. Mtoto mmoja yuko bwenini tangu darasa la tano, mwingine yuko Muscat au Minneapolis, na mjukuu anazungumza na bibi yake kwa dakika chache za simu siku ya Idi au Krismasi. Mzee akifariki, kikao cha ukoo kinakaa kuhesabu mabati, minazi na salio la benki, kwa sababu hivyo vina karatasi. Jinsi marehemu alivyoanzisha duka kwa mtaji wa kuungaunga, kwa nini hakusemezana na nduguye miaka mingi, na nani aliwapatanisha, hayo hayana karatasi. Kwa hiyo hakuna anayeyarithi.

Maneno ya wazazi yaliyodumu, ukiyatazama ya Salme na ya wengine watakaotajwa hapa, yanafanana kwa mambo matatu. Yalielekezwa kwa mtu anayejulikana, yalisema mambo mahsusi, na yalipata mtu wa kuyatunza. Anayetaka kuwaachia wake kitu cha namna hiyo anaweza kuanzia hapo.

Mali kivyake, maneno kivyake

Kwanza kabisa, karatasi mbili zisichanganywe. Wosia wa mali ni jambo la sheria na una masharti yake. Tanzania Bara, kwa wanaofuata sheria ya mila, tangazo la mwaka 1963 linataka wosia wa mdomo ushuhudiwe na watu wasiopungua wanne, wawili wa ukoo na wawili watu baki. Nchini Kenya, Sheria ya Urithi, Sura ya 160, humtaka raia wa kawaida atoe wosia wa mdomo mbele ya mashahidi wawili au zaidi, na wosia huo unakufa nguvu iwapo ataishi zaidi ya miezi mitatu baada ya kuutamka. Muislamu naye hana ruhusa ya kuusia zaidi ya theluthi ya mali yake, maana iliyobaki ina wenyewe kwa hesabu ya mirathi. Haya ni ya kupeleka kwa wakili, kwa kadhi, au, kwa Tanzania Bara, katika ofisi za RITA (Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini), ambazo huandika na kuhifadhi wosia.

Barua ya maneno haina masharti hayo, na hapo ndipo hatari ilipo. Mzazi akiandika humo kwamba shamba la bondeni alikuwa amemfikiria fulani, siku ya kikao mmoja atashika barua na mwingine atashika wosia, na ugomvi utakuwa umeachwa na marehemu mwenyewe. Katika barua, shamba litajwe kwa historia yake: nani alilifyeka mara ya kwanza, mnazi wa mpakani ulipandwa lini, jirani yupi aliombwa njia na kwa makubaliano gani. Nani atalimiliki, wosia ndio useme.

Kwa mtu mmoja, kwa jina lake

Mwaka 1858 hivi, Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, alimtungia utenzi binti yake Mwana Hashima, ambaye wakati huo alikuwa msichana wa miaka kama 17. Mwanzoni tu anamwita asogee karibu na kumwambia akae na wino na karatasi. Anamweleza kwamba maradhi yamemshika mwaka mzima na hajapata kumwambia neno la maana. Baada ya hapo yanafuata mambo ya dini, adabu ya mazungumzo, namna ya kukaa na watu wa kila daraja, unadhifu wa nyumba, maisha na mume, na dua ndefu. Mama alifariki miaka michache baadaye. Utenzi ukanakiliwa kwa mkono, ukapita nyumba hadi nyumba, na mwaka 1934 Alice Werner na William Hichens wakauchapisha pamoja na tafsiri yake.

Mpangilio wake una somo kwa mwandishi wa leo. Mwana Kupona anawakaribisha wanawake wengine wausome pia, lakini anafanya hivyo akiwa amekwisha kumaliza na bintiye. Mshairi Shaaban Robert naye, karne moja hivi baadaye, hakuchanganya: alimtungia binti yake Utenzi wa Hati, na mwanawe wa kiume akamtungia Utenzi wa Adili.

Barua inayoanza kwa kuwaita wanangu wote wapendwa hugeuka upesi kuwa hotuba ya mgeni rasmi. Mzazi wa watoto wanne ni heri aandike barua nne, hata kama kila moja ni ukurasa mmoja. Kifungua mimba ana maswali yake: kwa nini yeye alichapwa kwa kosa ambalo wadogo zake walisamehewa, na kwa nini aliachishwa shule mwaka ule. Kitinda mimba, aliyemkuta baba amestaafu na goti linamsumbua, hakumfahamu baba aliyekuwa akipanda baiskeli kwenda mnadani. Barua ya kila mmoja imwambie pia kile ambacho mzazi alikiona kwake akanyamaza: siku alipomrudishia muuza duka chenji iliyozidi, au alivyomhudumia bibi yake mgonjwa bila kuambiwa.

Asiye na mtoto hajatengwa na shughuli hii. Mwalimu ana wanafunzi, fundi ana vijana aliowafunza kazi, shangazi ana watoto wa kaka zake. Kinachotakiwa ni jina moja la kuandika juu ya karatasi.

Kisa kabla ya nasaha

Mche Mungu, heshimu wakubwa, weka akiba, chagua marafiki. Hayo mtoto ameyasikia madrasa, kanisani, shuleni na kwenye maandishi ya khanga za mama yake. Si ya uongo, ila hayamwambii chochote kuhusu huyu aliyeyaandika.

Mfano wa fundi seremala unaweza kuonyesha tofauti. Anaweza kumwandikia mwanawe kwamba asimwamini mtu upesi. Au anaweza kusimulia kwamba alichukua oda ya milango sita ya mninga akapewa malipo ya awali yasiyofika hata nusu ya bei ya mbao, akakopa mbao zilizobaki, na mwenye nyumba akahama mji milango ikiwa imesimama karakanani. Jioni ile ile alimfuata mwenye mbao kabla habari hazijamfikia kwa vinywa vya watu, akamwambia ukweli, wakapatana alipe kidogo kidogo kila Ijumaa. Miaka miwili baadaye, mwenye mbao huyo huyo ndiye aliyempa kazi ya kupaua madarasa. Kijana anayesoma kisa hicho atachota humo mambo mengi kwa mkupuo mmoja: malipo ya awali yatoshe kununua mbao, mdai afuatwe mapema, na deni likilipwa kwa uaminifu hujenga jina. Kama mzee bado anataka kuweka nasaha, aiweke mwishoni, kwa sentensi moja.

Visa vya kushindwa vinahitajika kama vya kushinda. Biashara iliyokufa, ndoa ya kwanza, mtihani aliofeli, ndugu aliyemkosea na asiwahi kumwomba radhi: mtoto aliyelelewa na mzazi asiyekosea hujiona yeye peke yake ndiye mwenye kasoro.

Mwandishi akumbuke pia kwamba rai za leo zitapimwa na watu wa kesho. Salme, katika kitabu kile kile chenye kisa cha mfupa wa ngamia, aliutetea utumwa wa nyumbani kwao, na msomaji wa sasa hawezi kukubaliana naye. Nasaha za Mwana Kupona juu ya kumtii mume zimezua mijadala isiyoisha madarasani. Kwa sababu hiyo, ni busara mzazi aeleze aliamua nini, wakati ule hali ilikuwaje, na alikuwa na njia gani nyingine. Mjukuu akijua mazingira, ataweza kukataa uamuzi bila kumdharau babu yake.

Maswali yanayofungua mdomo

Wazee wengi watasema hawajui kuandika mambo marefu, na si lazima waandike. Huko Winnipeg, Kanada, daktari wa magonjwa ya akili Harvey Chochinov na wenzake walibuni utaratibu kwa ajili ya wagonjwa wanaokaribia mwisho wa maisha. Mgonjwa anaulizwa maswali huku akirekodiwa, maneno yake yanaandikwa na kunyooshwa, anasomewa ili asahihishe, kisha anapewa nakala amkabidhi amtakaye. Maswali yenyewe ni ya kawaida: ni nyakati gani anazikumbuka zaidi, kazi zipi anajivunia, kuna neno gani bado hajawaambia wapendwa wake au angependa kulirudia. Katika utafiti uliotolewa mwaka 2005, uliohusisha wagonjwa 100 wa Kanada na Australia, asilimia 91 waliridhika na utaratibu huo, na asilimia 76 walisema umewaongezea hisia ya kuwa na heshima yao kama binadamu.

Nyumbani, mhojaji anaweza kuwa mjukuu mwenye simu. Kosa analoweza kufanya ni kuanza na swali kubwa. Akimwambia babu asimulie maisha yake, babu ataguna na kusema hakuna cha maana. Swali dogo ndilo linalomtoa: mlango wa nyumba mliyokulia ulitazama wapi? Mshahara wa kwanza ulinunua nini? Ulipokwama kabisa, nani alikukopesha, na ulimlipa lini? Mzee wa Tanzania aliyekuwa kijana wakati wa Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970, watu walipohamishiwa vijijini, akiulizwa siku ya kuhama walibeba nini na waliacha nini, hatajibu kwa neno moja.

Vitu husaidia kuliko maswali. Picha ya zamani, leso ya harusi, kitabu cha benki ya posta, kadi ya chama cha ushirika, vyote vina mlango wa kuingilia. Mama asiyekubali kukaa kitini ahojiwe akipika. Yeye atasema chumvi ni ya kukadiria tu, kwa hiyo mkono unapochota, binti akinge kibakuli, apime kwa kijiko, aandike, ndipo chumvi iingie chunguni. Afanye hivyo kwa mchele, kwa tui jepesi na tui zito, na kwa iliki. Wakati wali unapaliwa makaa juu ya mfuniko, mama atakuwa amekwisha kusimulia ni nani aliyemfundisha, na kwa nini hampendi mkwe aliyemfundisha.

Kikao kimoja kisizidi saa moja. Mzee akichoka, visa hugeuka muhtasari.

Yaliyofichwa

Kila nyumba ina jambo ambalo halizungumzwi. Hapa ndipo barua inaweza kuponya au kujeruhi, na uzoefu wa Uganda unasaidia. NACWOLA, umoja wa wanawake wanaoishi na VVU ulioanzishwa nchini humo mwaka 1992, uliwafundisha akina mama kutengeneza vitabu vya kumbukumbu kwa ajili ya watoto wao, katika miaka ambayo dawa za kufubaza virusi zilikuwa hazijawafikia wengi. Mama aliandika mtoto alizaliwa wapi, alianza lini kutembea, ukoo wake ni upi, baba yake alikuwa mtu wa namna gani, na desturi zipi za nyumbani angependa ziendelee. Mara nyingi mama na mtoto walifanya kazi hiyo pamoja, na njiani mama alipata nafasi ya kusema habari za ugonjwa wake na kupanga nani atamlea mtoto. Dawa zilipopatikana, wako akina mama waliosoma vitabu hivyo na watoto waliokwisha kuwa wakubwa.

Funzo la hapo ni kwamba siri inayomhusu mtoto mwenyewe aambiwe uso kwa uso, mzazi akiwa hai. Mtu aliyegundua kwa bahasha kwamba baba aliyemlea si aliyemzaa, au kwamba ana ndugu katika mji mwingine, hubaki na maswali ambayo hakuna tena wa kuyajibu. Karatasi ifuate mazungumzo, isiyatangulie.

Maradhi ya ukoo nayo yasionewe haya. Wazazi wawili wenye vinasaba vya selimundu, ambayo wengi huiita sikoseli, hata kama wao wenyewe hawaumwi, kila mimba yao ina uwezekano wa mmoja kwa wanne wa kupata mtoto mgonjwa. Kijana anayetaka kuoa anahitaji kujua kwamba shangazi wawili walifariki wadogo na kwa dalili zipi, badala ya kuambiwa kwamba walirogwa. Shinikizo la damu, kisukari na saratani ya matiti viandikwe katika ukurasa wake, pamoja na umri wa aliyeugua.

Kwa siri za watu wengine, kipimo ni tofauti. Aibu ya ndugu aliye hai si mali ya mwandishi, na haina haja ya kuingia kwenye barua ya mtoto.

Mtunzaji na sanduku lake

Kati ya mwaka 1931 na 1958, Shaaban Robert alimwandikia barua ndugu yake, Yusuf Ulenge. Zilikuwa barua za ndugu wawili, zenye mambo ya nyumbani, ya kazi na ya uandishi. Ulenge hakuzitupa. Mwaka 2002, miaka 40 baada ya mwandishi kufariki, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilizitoa kama kitabu chini ya uhariri wa M. M. Mulokozi. Sehemu kubwa ya sifa hapo inamwendea aliyezihifadhi.

Kila familia ina mtu wa aina hiyo, na kwa kawaida si mkubwa wala tajiri. Ni yule anayekumbuka siku za kuzaliwa na bado ana kadi za kliniki za watoto. Achaguliwe waziwazi, aambiwe, na ndugu wengine wajue vitu viko kwake.

Mengine ni kazi ya mikono. Sauti iliyorekodiwa kwenye simu isibaki humo, kwa kuwa simu huibiwa, huzama na hubadilishwa. Inakiliwe sehemu mbili zaidi, mojawapo ikiwa nje ya nyumba hiyo, na faili lipewe jina linaloeleweka: jina la mzee, mada na tarehe. Yaliyo muhimu yaandikwe na kuchapishwa kwenye karatasi, maana karatasi haihitaji nywila. Pwani adui ni unyevu na chumvi ya hewani, bara ni mchwa, kwa hiyo bahasha ikae ndani ya mfuko wa plastiki kwenye sanduku la bati lililoinuliwa kutoka sakafuni. Nyuma ya kila picha yaandikwe majina kuanzia kushoto, mahali na mwaka, kwa penseli laini, kwani wino wa kalamu hupenya ukatokea usoni mwa waliopigwa picha.

Siku ya kukabidhi

Wengine hupenda bahasha zilizofungwa, za kufunguliwa siku ya harusi au mtoto wa kwanza akizaliwa. Zina raha yake, ila zinategemea mtunzaji aliye hai na mtoto atakayeoa. Usalama zaidi uko katika kukabidhi mapema. Mtoto akisoma mzazi akiwepo, anaweza kuuliza huyu fulani ni nani, anaweza kusema yeye analikumbuka tukio lile kwa namna nyingine, na mara nyingi huwa ana haki. Masahihisho yake yaandikwe pembeni kwa mkono wake, bila kufuta ya kwanza.

Anayeanza na kurasa tatu mwaka huu aache karatasi tupu nyuma yake. Mwakani kutakuwa na kisa kilichosahauliwa, jina lililokumbukwa msibani, au picha iliyotumwa na binamu kutoka Mombasa. Kila nyongeza iwekewe tarehe juu na jina la aliyeiandika, ili atakayeisoma baadaye ajue kipi kilitangulia na ni maneno ya nani.